Njia ya Galatoni

Gitaa langu halina jina. Kichwani, mahali ambapo kiwanda hubandika nembo yake, yamebaki matundu mawili ya skrubu na kivuli cheupe cha kitu kilichong'oka zamani. Mwili wake ni mwekundu katikati, na ukielekea pembeni unaingia weusi. Kifuani lina bamba la plastiki lenye swichi nne, na mbili kati yake bado zinafanya kazi. Nyuma, pale shingo inapoungana na mwili, kuna kibamba cha chuma kilichochapwa maneno ya Kiingereza: kwamba shingo imetiwa chuma ndani, na kwamba kitu hiki kimetengenezwa Japani. Hayo tu ndiyo linayosema lenyewe.

Nililirithi kwa baba mdogo, kijijini upande wa Ipinda, wilayani Kyela. Lilikuwa uvunguni mwa kitanda chake, limeviringishwa katika gunia la mchele. Alikuwa mkulima wa mpunga na kakao aliyepiga gitaa harusini na kanisani, wala hakuwahi kuwa katika bendi ambayo ungeisikia redioni. Nilipolifungua gunia, mambo mawili yalinishangaza. Nyuzi zilisimama juu mno, kidole hakiwezi kuzikandamiza hadi shingoni, kwa sababu mtu alikuwa amepenyeza msumari mnene chini yake, karibu na kichwa. Na freti, vile vijuma vinavyokatiza shingo, hazikuwa zimelika hata kidogo, ilhali pale mkono unapoegemea mwili rangi ilikuwa imekwisha mpaka mbao ikaonekana. Gitaa limepigwa miaka, lakini kana kwamba halijabonyezwa.

Nililipeleka kwa fundi Mbeya mjini. Akang'oa msumari, akazishusha nyuzi, akalisawazisha kwa mpango tunaoujua wote. Nikaona limepona. Msumari wenyewe niliutia kwenye mfuko wa gitaa, nikaona vibaya kuutupa.

Enzi za uhai wake, kila nilipomwuliza alikolipata, baba mdogo alinyoosha mkono kuelekea kusini. Watu wa rika lake hufanya hivyo kwa vitu vingi: cherehani, baiskeli, gramofoni, koti zito lisilofaa kwa joto la Kyela. Vyote vilitoka kule. Kwa hiyo mwaka jana, mpunga ulipokwisha kuvunwa, nikalibeba gitaa mgongoni nikashuka hadi Kasumulu, penye daraja la Songwe, nianzie hapo na kufuata njia waliyoijia.

Mto Songwe ulifanywa mpaka na watu ambao hawakuwahi kuuvuka: mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Ng'ambo ni Wangonde wa Karonga, huku ni Wanyakyusa, na lugha zao zimekaribiana kiasi kwamba salamu ya upande mmoja hujibiwa upande wa pili bila kutafsiriwa. Ukisimama darajani asubuhi ya gulio utaona jinsi mpaka huo ulivyo mwembamba. Mama wenye ndizi na wenye mchele wanapita, vijana wa baiskeli wanapita, na hapo kale walipita wanaume wenye masanduku ya bati vichwani.

Wanaume hao walikuwa wanakwenda kutafuta fedha ya kodi, na ng'ombe wa mahari. Wengine waliishia karibu, kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya. Wengine walifika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Na wengine walikwenda hadi Johannesburg. Kampuni za migodi ya dhahabu zilikuwa na chombo chao cha kukusanya vibarua kilichoanzishwa mwaka 1900, Witwatersrand Native Labour Association, ambacho midomo ya watu ililigeuza jina lake kuwa Wenela. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilikataza kuajiri watu wa kaskazini ya latitudo ya 22, kwa sababu walikuwa wanakufa kwa nimonia kwa wingi wa kutisha. Katazo hilo lililegezwa miaka ya 1930. Katikati hapo hakuna aliyebaki nyumbani kwa sababu ya latitudo. Walikwenda kwa miguu, kwa siri, mwezi hata miezi.

Miaka hiyohiyo ya 1930 Monica Wilson na mumewe Godfrey walikuwa wakiishi kwetu na kuandika habari zetu. Monica alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini, mtoto wa wamisionari. Kitabu chake cha 1951, *Good Company*, ndicho kilichowaeleza wasomi wa nje juu ya vijiji vya marika: vijana wa umri mmoja wanajenga pamoja, wanakula pamoja, wanazeeka pamoja. Ninakitaja kwa sababu ya gitaa. Kitu kikiingia katika rika hakikai kwa mtu mmoja. Kijana mmoja akirudi na gitaa, jioni vijana sita wanaligombea, na baada ya mavuno mawili wote sita wanajua kupiga. Ndivyo ninavyoamini muziki huu ulivyoenea huku, na bendi hazikuhusika.

Gitaa la kwanza kuja kwa njia hii lilikuwa kavu, la bei ya chini, na Watanzania wa makamo bado wanaliita galatoni bila kufikiri neno limetoka wapi. Limetoka kwenye nembo ya Gallotone, ya kampuni ya Eric Gallo wa Johannesburg, aliyeanza na duka la santuri mwaka 1926. Kampuni hiyo ilitoa santuri na pia magitaa. Ni Gallotone iliyotoa nyimbo za Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville huko Katanga mwaka 1952, akiimba Kiswahili cha Kongo na kutumia dole gumba na kidole cha shahada tu, na bado ungedhani wapigaji ni wawili. Kwa hiyo mtu aliweza kununua sauti na chombo kutoka nyumba moja.

Galatoni moja ilifika mbali zaidi kuliko zote. Mwaka 1957 kijana wa Liverpool aliyeitwa John Lennon aliipata kwa kuagizwa kwa posta, aina iliyoitwa Champion, na ndiyo aliyoipiga tarehe 6 Julai mwaka huo kwenye sherehe ya kanisa la Woolton, siku aliyokutana na Paul McCartney. Ndani ya tundu lake palibandikwa karatasi yenye ahadi kwamba halitapasuka. Mwaka 1999 iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Wengine huisimulia habari hii kama ajabu, kwamba mtu mkubwa alianza na kitu duni. Mimi naiona vingine. Mchimbaji wa Kinyakyusa na mtoto wa Liverpool walitoa fedha yao ya jasho au ya mzazi kwa kitu kilekile, kwa sababu ndicho walichokiweza, na hakikuwaangusha.

Na ile ahadi ya kutopasuka haikuwa maneno ya muuza duka tu. Gitaa la fahari hutengenezwa kwa ubao mzima, uliokatwa mwembamba ili utetemeke vizuri. La bei ya chini ni plaiwudi, tabaka juu ya tabaka, nyuzi za mbao zimekatizana. Lilete hilo la fahari Kyela. Mvua yetu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mwezi wa nne mito ya Mbaka na Lufilyo hutapika maji mashambani, nguo haikauki, kisha huja jua la kupasua udongo. Ubao mzima hunywa maji ukavimba, hukauka ukasinyaa, na siku moja usiku unasikia mlio, kumbe umechanika. Plaiwudi haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu kila tabaka linalizuia jenzake. Gitaa langu nalo ni plaiwudi. Limekaa uvunguni misimu mingi ya masika nisiyoijua hesabu yake, na halina ufa. Wanaolidharau kwa hilo hawajawahi kuweka kitu cha mbao karibu na Ziwa Nyasa.

Kutoka Kasumulu barabara inashuka kwenye tambarare ya mpunga. Nililala Kyela mjini, asubuhi nikaenda Itungi kuangalia bandari. Hii nayo ni sehemu ya njia ile. Tangu mwaka 1951 meli ya Ilala ilikuwa ikipanda na kushuka ziwa upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, na abiria wake wengi walikuwa watu wa migodini wakirudi na masanduku. Redio ilikuwa imetangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kituo cha Lusaka kiliwatangazia watu wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland kwa lugha zao, na kwa ajili yao ilitengenezwa redio ya betri ya pauni 5 ambayo mwili wake ulikuwa wa duara kama sufuria, na kwa jina hilo ilijulikana. Alick Nkhata alipiga gitaa na kuimba katika kituo hicho. Kyela ilikuwa ukingoni mwa Nyasaland, na mawimbi ya redio hayaulizi pasipoti.

Historia ya muziki wa dansi tuliyofundishwa inaanza pwani, inafuata reli kwenda Morogoro na Tabora, inapanda Tanga, na huku kwetu haifiki kabisa. Sina ugomvi na Cuban Marimba wala Dar es Salaam Jazz. Ninachosema ni kwamba ramani hiyo imechorwa na mtu aliyekaa Dar es Salaam akitazama barabara zinazoingia mjini. Mtu aliyekaa Itungi anatazama maji, na maji yanakwenda kusini.

Umeme ulikuja na magitaa ya namna nyingine. Gitaa la umeme halitegemei tumbo kutoa sauti. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mara maelfu, na uzi wa chuma ukitikisika juu yake unaisumbua ile sumaku, na usumbufu huo unazaa umeme kidogo sana ndani ya waya, ambao amplifaya inaukuza. Lazima uzi uwe wa chuma. Wavuvi wa huku, uzi ukikatika, walifunga mshipi wa nailoni kwenye galatoni na wakaendelea. Kwenye gitaa la umeme mshipi huo ni bubu. Hapo ndipo waya wa breki ya baiskeli ulipopata heshima yake. Ukiufumua unapata nyuzi nyembamba za chuma, na sumaku inazikubali. Langu lilikuwa na mbili za namna hiyo nilipolirithi.

Gitaa la umeme la kwanza kuuzwa madukani, la Rickenbacker huko Marekani, mwaka 1932, lilikuwa dogo la duara lenye shingo ndefu, watu wakaliita kikaango. Halikutengenezwa kukumbatiwa, lililazwa mapajani. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo miaka iliyopita na kulipita haraka, kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye magitaa yaliyofuata, Telecaster na Stratocaster na Les Paul, ambayo kijana wa kawaida hakuweza kuyanunua, si Kyela tu, hata Chicago. Pengo hilo lilizibwa na Wajapani. Kampuni ya Teisco ilianza Tokyo miaka ya 1940, na baada ya Beatles kuitikisa Marekani mwaka 1964, viwanda vya Japani vilimwaga magitaa ya bei nafuu kwa maelfu, kila mwagizaji akiyabandika jina lake mwenyewe. Swichi nyingi, rangi ya kuwaka, plaiwudi, bamba la nyuma la kuarifu juu ya chuma cha shingoni. Wimbi lilipopungua viwanda vingi vilifungwa, na Teisco yenyewe ilinunuliwa na Kawai mwaka 1967. Langu ni la ukoo huo. Jina lililong'oka kichwani huenda lilikuwa la mwenye duka tu, na sijapata kulitafuta tena.

Lilivukaje Songwe? Uhuru ulipokuja, Tanganyika ilikataa watu wake waendelee kuuzwa kwa makaburu, na mlango wa Wenela ukafungwa. Lilikuwa jambo la haki na ninalisema kwa fahari. Lakini Malawi iliendelea kupeleka, hadi tarehe 4 Aprili 1974, ndege ya Wenela iliyokuwa ikiwarudisha wachimbaji wa Malawi nyumbani ilipoanguka Francistown, Botswana, baada ya kutiwa mafuta yasiyoifaa. Walikufa watu 78. Rais Banda akasimamisha safari hizo. Katika miaka hiyo kumi na zaidi, vitu vya kusini vilitufikia kwa mkono wa pili, kupitia jamaa wa Karonga. Banda na Nyerere walikuwa hawapatani, na tangu 1967 walibishania hata mpaka wa ziwa; lakini mtu mwenye mchele alimjua mtu mwenye gitaa, na usiku mto hupitika. Baba mdogo aliniambia kitu kimoja tu juu ya bei: kwamba alitoa magunia na fahali. Hakusema magunia mangapi.

Kuna jambo la kuelewa hapa ili kuiona thamani ya fahali huyo. Katika Tanzania ya wakati ule, wapigaji wakubwa hawakuwa na magitaa yao. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mwanamuziki aliyehama bendi aliliacha gitaa kwenye stoo na kuondoka na vidole vyake. Hata Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz kuiwakilisha nchi kwenye maonyesho ya Expo 70 huko Osaka, katika nchi ileile lilikotoka gitaa langu, alilazimika mwaka 1973 kuanza upya na Super Volcano alipotaka kuwa bwana wa muziki wake. Alikufa Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Wakati huohuo nchi ilikuwa inaishiwa fedha za kigeni, na chombo kilichoharibika hakikupata mbadala.

Kumbe mkulima mmoja wa Ipinda alikuwa na gitaa la umeme ambalo hakuna katibu wala meneja angeweza kumnyang'anya. Alilichomeka kwenye redio yake ya betri, aliyoifungua nyuma na kulehemu waya, na sauti ikatoka imekwaruza. Bei yake ya chini ndiyo iliyomwezesha kulimiliki. La bei ya juu lingekuwa la serikali.

Nilifika Matema siku ya tatu, jioni. Milima ya Livingstone hapo inaingia majini bila kupumzika, na ufukwe unaishia kwenye jiwe. Ng'ambo kidogo ni Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi, na mitumbwi ilikuwa inarudi na vyungu vilivyobaki. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga na baba mdogo. Nikamsalimu, "Ugonile, tata," akanijibu, "Ndaga," bila kunitazama. Alikuwa analitazama gitaa. Akalipokea, akaligeuza, akapitisha kidole mahali rangi ilipoisha. Kisha akatazama nyuzi zilivyolala karibu na shingo, akawa kama mtu aliyeonyeshwa jamaa yake amenyolewa.

"Chupa yake iko wapi?"

Nikamwambia sijui habari ya chupa. Akauliza kwa nini nimezilaza nyuzi. Nikaanza kueleza habari za fundi, na katikati ya maelezo nikanyamaza, nikaingiza mkono kwenye mfuko na kumpa msumari.

Aliupenyeza chini ya nyuzi yeye mwenyewe, pale pale ulipokuwa. Akazikaza na kuzilegeza moja moja mpaka zote zikipigwa wazi zikatoa mlio mmoja wenye kukubaliana. Akaita mjukuu alete kichupa. Akalilaza gitaa mapajani, nami nikaunganisha amplifaya ndogo ya betri niliyokuwa nayo, na kichupa kikateleza juu ya nyuzi bila kugusa freti hata moja. Sauti ililia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya maji.

Hauyani. Ndilo jina walilolitumia, na ndilo linalotumika Malawi, kutoka kwa Hawaii, visiwa ambavyo santuri zake zilifika kusini mwa Afrika kabla ya vita kuu ya pili. Daniel Kachamba wa Chileka, karibu na Blantyre, aliyekufa 1987, aliupiga mtindo huo mbele ya watafiti wa Ulaya na wakaurekodi. Baba mdogo aliupiga hivyo Ipinda, na mimi niliyekua nikimsikia tangu utotoni nilikuwa nimesahau sauti yenyewe. Nilikuwa nimemlipa mtu ili aiondoe.

Mzee alipiga mpaka betri ikachoka, na baada ya hapo akaendelea pasipo amplifaya, akiinamia shingo apate kusikia. Kule ziwani taa za wavuvi zilikuwa zimejipanga. Asubuhi aliniruhusu kujaribu. Mkono wangu ulikuwa mzito, chupa iligonga freti, na kila ikigonga alitikisa kichwa, nami nikarudia.

Sijalipeleka tena kwa fundi. Kichupa alinipa, kilikuwa cha dawa ya kikohozi, kioo kinene, ukingo umelainishwa kwa mchanga. Ninakiweka kwenye mfuko wa gitaa, mahali ulipokuwa msumari.